Matundu au kufungua tumbo: kisa cha bibi aliyepita miaka 80 mwenye saratani ya utumbo mpana

Kwa nini naandika kisa hiki

Mzee akikutwa na saratani ya utumbo mpana, swali la kwanza la familia huwa moja: atapasuliwa kwa matundu madogo ya kupitisha kamera na vifaa, au atafunguliwa tumbo? Ni swali la haki, na kwa miaka mingi nimelijibu nikiamini kwamba ndilo linaloamua hatima ya mgonjwa. Mgonjwa ninayemweleza hapa alinibadilisha mawazo. Alivuka salama thieta, tena baada ya sisi kubadilisha njia katikati ya upasuaji, kisha akili yake ikatuponyoka usiku wa pili wodini kwa sababu ya kifaa kidogo kilichosahaulika ndani ya mkoba.

Nimeondoa jina, mahali, tarehe na baadhi ya mambo ya familia ili asitambulike. Nitamwita Bibi. Mambo ya kitabibu nimeyaacha jinsi yalivyokuwa, pamoja na makosa yetu.

Mgonjwa na njia iliyomfikisha kwetu

Bibi alikuwa mjane aliyeishi peke yake, akijipikia na kujifulia, na mwanawe wa kike akimtembelea mara kwa mara. Alikuwa na shinikizo la damu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ambayo kwa ajili yake alimeza apixaban ili damu isigande, na mapafu yaliyochoka kiasi. Alivaa kifaa cha kusikia. Chini ya mbavu za kulia alikuwa na kovu refu la zamani: miongo kadhaa nyuma alitolewa kibofu cha nyongo kwa upasuaji wa kufungua tumbo. Kovu hilo mlikumbuke.

Miezi saba kabla hatujamwona alianza kuchoka. Ngazi alizokuwa akizipanda bila kusimama zikaanza kumdai mapumziko mawili. Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 7.8, chini sana, na akiba ya madini ya chuma mwilini ilikuwa karibu imekwisha. Akapewa vidonge vya chuma. Akarudi, akaongezewa vidonge. Choo chake kilikuwa cha kawaida, hakuwa ameona damu, tumbo halikumuuma, kwa hiyo hakuna aliyewaza utumbo.

Hapa lazima nisimame kidogo. Saratani ya upande wa kulia wa utumbo mpana haina tabia ya ile ya kushoto. Upande wa kulia utumbo ni mpana na kinyesi bado ni majimaji, kwa hiyo uvimbe unaweza kukua sana bila kuziba chochote. Kazi yake ni kuvuja damu kidogo kidogo, damu inayochanganyika na kinyesi hata macho yasiione. Mwanamke aliyekoma hedhi, au mwanamume wa umri wowote wa utu uzima, akiishiwa madini ya chuma bila sababu iliyo wazi, kuna uwezekano mkubwa kwamba damu inapotea mahali fulani, na ni wajibu wetu kutazama tumbo na utumbo. Kumpa vidonge bila kutafuta chanzo ni sawa na kujaza maji kwenye ndoo inayovuja. Bibi alipoteza miezi hiyo saba, na kilo sita za mwili pamoja nayo.

Hatimaye daktari mmoja kijana aliagiza kolonoskopia, kipimo cha kutazama ndani ya utumbo mpana kwa kamera. Uvimbe ulikuwepo, karibu na mwanzo wa utumbo mpana. Kinyama kilichochukuliwa kikathibitisha saratani. Picha ya CT ya kifua, tumbo na nyonga haikuonyesha kwamba ugonjwa umesambaa kwenye ini wala mapafu.

Kikao cha kwanza na familia, na kilichoharibika

Walikuja watatu: Bibi, mwanawe wa kiume na mwanawe wa kike. Kijana wa kiume alianza kabla sijakaa. "Daktari, mama ni mzee. Tukimpasua si tunamuua? Kwa nini asiachwe apumzike?" Dada yake alikuwa amesoma habari za upasuaji wa matundu na alikuwa na msimamo kinyume: apasuliwe, lakini kwa matundu tu, na kama hatuwezi tuseme wampeleke pengine.

Tukabishana nusu saa nzima. Bibi alikaa katikati akitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Nilidhani ameridhika. Muuguzi wetu wa wagonjwa wazee ndiye aliyegundua kwamba betri ya kifaa chake cha kusikia ilikuwa imekwisha. Katika kikao chote kile hakuwa amesikia karibu lolote.

Muuguzi alimchukua kwenye chumba kingine, akaweka betri mpya, akakaa naye peke yao. Aliporudi alikuwa na karatasi yenye mistari mitatu. Bibi anataka kurudi kwenye nyumba yake. Anataka kuendelea kwenda chooni mwenyewe bila kushikwa mkono. Na kuna kitu anakiogopa kuliko kifo: kupoteza akili, kama alivyomwona marehemu dada yake akipoteza. Nilipokwenda kumsalimia aliniambia mwenyewe, "Mwanangu, tumbo nikate unavyoona wewe. Akili yangu tu ndiyo usiichukue."

Tangu hapo mazungumzo yakabadilika. Kwa kijana wa kiume nilieleza kwamba kuacha nako ni uamuzi, na una gharama yake: uvimbe ule ungeendelea kumwaga damu, na siku moja ungeweza kuziba au kutoboa utumbo. Hapo angeletwa usiku, amedhoofika, apasuliwe kwa dharura. Upasuaji wa dharura wa utumbo kwa mzee una vifo mara kadhaa zaidi ya ule uliopangwa. Kwa dada yake nilisema tungeanza na matundu, lakini sitatoa ahadi ya kumalizia na matundu, na nikaeleza kwa nini. Hakufurahi. Alikubali.

Kupima nguvu, si umri

Umri peke yake hauniambii mengi. Nina wagonjwa wa miaka 85 wanaotembea kilomita kila asubuhi, na wa miaka 68 ambao siwezi kuwalaza kwa usingizi wa dawa bila hofu. Tulianza na G8, dodoso fupi linalouliza kuhusu hamu ya kula, uzito, mwendo, akili, idadi ya dawa na jinsi mtu anavyoiona afya yake. Alama za juu kabisa ni 17, na kuanzia 14 kushuka chini mgonjwa anahitaji uchunguzi kamili wa afya ya wazee. Bibi alipata 11. Kuinuka kitini, kutembea mita tatu, kugeuka na kurudi kuketi kulimchukua sekunde 18. Kwenye kipimo cha udhaifu chenye ngazi 9, ya 9 ikiwa mbaya zaidi, tulimweka ngazi ya 5.

Tulipoyaona majibu hayo, mwenzangu mmoja alisema tumwachie. Daktari wetu wa wazee akauliza jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: katika udhaifu huu, upi ni wa umri na upi ni wa damu kupungua? Mtu mwenye himoglobini 7.8 hutembea polepole hata akiwa na miaka 30. Hakuna aliyeweza kumjibu. Njia pekee ya kujua ilikuwa kumpa damu yake kwanza, ndipo tumpime tena.

Kikao cha wataalamu: njia ipi?

Hoja ya kufungua tumbo tangu mwanzo ilikuwa na uzito. Upasuaji wa matundu hutumia gesi ya kaboni dioksaidi kuinua ukuta wa tumbo, kwa kawaida kwa shinikizo la 12 hadi 15 mmHg. Gesi hiyo husukuma kiwambo juu na kubana mapafu, hupunguza damu inayorudi kwenye moyo, na nyingine hufyonzwa ndani ya damu hadi mapafu yalazimike kuitoa. Kwa moyo na mapafu ya Bibi hilo halikuwa jambo dogo. Kisha lilikuwepo kovu lile chini ya mbavu. Utumbo wa upande wa kulia hupinda chini ya ini, mahali hasa alipopasuliwa zamani, na kila mtu mezani alijua tutakuta mishikamano, yaani makovu ya ndani yanayogandisha viungo pamoja.

Hoja ya matundu ilihusu siku zinazofuata. Kidonda kirefu kinachopita juu ya kitovu huuma kila mgonjwa anapovuta pumzi. Anayeumwa huvuta pumzi fupi, hakohoi, hageuki, na anahitaji morfini zaidi. Kwa kijana hayo ni usumbufu wa wiki moja. Kwa mzee ndio mlango wa nimonia, wa kuganda kwa damu miguuni na wa kuchanganyikiwa. Gesi hukaa tumboni saa mbili tatu huku daktari wa usingizi akitazama kila pumzi, lakini kidonda hukaa na mgonjwa wiki kadhaa, na mara nyingi bila mtu pembeni.

Ushahidi wa utafiti tuliujua. Miaka ya 1990 watu wengi waliogopa kwamba matundu yangepanda saratani kwenye majeraha yenyewe. Utafiti wa COST uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2004, ukiwa na wagonjwa 872, uliiondoa hofu hiyo: saratani kurudi kwenye kidonda ilikuwa chini ya asilimia 1 kwa njia zote mbili, na waliokuwa hai baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 86 kwa matundu na 85 kwa kufungua. Matundu yalichukua muda mrefu zaidi thieta, dakika 150 dhidi ya 95, lakini wagonjwa wake walirudi nyumbani siku moja mapema. Utafiti wa Australia na New Zealand ulitazama hasa waliofika miaka 70 na kuendelea, na ukakuta walipata matatizo machache baada ya upasuaji walipofanyiwa kwa matundu. Kwa hiyo kuponya saratani hakukuwa hoja inayotenganisha njia hizi. Tofauti iko katika siku za mwanzo, na mzee ndiye anayezihitaji zaidi siku hizo. Lakini nami sikuwasahau waliokosekana katika tafiti hizo: wazee dhaifu wa aina ya Bibi walikuwa wachache mno.

Daktari wa usingizi ndiye aliyefunga mjadala. Alisema atakubali matundu kwa masharti mawili: gesi isipite 10 mmHg, na tuwe na mpaka wa muda. Tukaandika kwenye faili kabla ya siku ya upasuaji: tukifika kwenye kona iliyo chini ya ini na dakika 45 zikapita bila maendeleo ya maana, tunafungua, bila ubishi.

Wiki nne za maandalizi

Tulimpa madini ya chuma kwa dripu mara mbili. Vidonge vilikuwa vimeshashindwa, na muda wa kuvisubiri haukuwepo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kuinuka na kuketi kitini mara kumi, mara tatu kwa siku, na kuvuta pumzi ndefu kwa kifaa cha mazoezi ya mapafu. Aliongezewa protini katika kila mlo. Mwanawe wa kiume, yule aliyetaka tumwache, ndiye aliyehesabu mazoezi na kuyaandika kwenye daftari la shule. Sijawahi kuona kumbukumbu nadhifu kama ile.

Wiki ya nne himoglobini ilifika 10.6. Kuinuka na kutembea kulishuka hadi sekunde 13. Jibu la swali la daktari wa wazee likapatikana: sehemu kubwa ya udhaifu ule ilikuwa ya damu. Apixaban ilisimamishwa siku tatu kabla, kwa kuwa figo zake hazikuwa za kijana.

Siku ya upasuaji

Tulianza kwa matundu manne, yote upande wa kushoto, mbali na kovu. Sehemu ya chini ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Tulifunga mshipa mkuu wa damu unaolisha upande huo karibu na chanzo chake, jambo la lazima ili mitoki (tezi za limfu) yote inayoandamana nao itoke pamoja na uvimbe, na tukauachanisha utumbo na ukuta wa nyuma wa tumbo.

Tukafika kwenye kona. Pazia la mafuta la tumboni, utumbo mpana na duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, vilikuwa vimegandamana chini ya ini kama vitambaa vilivyogundishwa kwa gundi. Kwa matundu huwezi kupapasa. Unategemea macho tu, na pale macho hayakuona mpaka kati ya utumbo na utumbo. Tulikwenda milimita kwa milimita. Dakika ya 40 damu kidogo ilivuja, si ya kutisha, ila iliziba mwonekano. Dakika ya 45 daktari wa usingizi alisema neno moja: "Muda."

Msaidizi wangu aliomba dakika kumi zaidi. Nakiri kwamba na mimi nilizitaka. Daktari wa upasuaji anapoanza na matundu, kufungua humuuma kama ameshindwa, na mkono wake hutafuta kila sababu ya kuendelea. Karatasi ndiyo iliyotuokoa. Tulikuwa tumeiandika tukiwa tumetulia, kila mmoja na saini yake, na hakukuwa na cha kujadili.

Tulifungua mkato wa sentimita 11 kwa ulalo upande wa kulia. Kwa mkono, duodeni iliachana na utumbo ndani ya dakika 15. Tukatoa sehemu ya kulia ya utumbo mpana, tukaunganisha utumbo mwembamba na uliobaki, tukachoma ganzi katika misuli ya ukuta wa tumbo. Kwa jumla saa tatu na dakika kumi. Damu iliyopotea haikuhitaji kuongezewa.

Siku kumi wodini

Siku ya kwanza ilitudanganya. Bibi alikaa kitini, alikunywa, alicheka na wauguzi.

Usiku wa pili, saa tisa, aliondoa dripu yake, akajaribu kushuka kitandani na kumwita muuguzi kwa jina la marehemu dada yake. Alisema watu wamemzingira na wanasema maneno asiyoyaelewa. Daktari wa zamu, akiwa na wodi mbili mikononi, aliagiza sindano ya prometazini ili alale. Alilala. Asubuhi alikuwa mzito zaidi, maneno yamemkauka, haelewi yuko wapi. Kwenye kipimo cha 4AT, ambapo alama 4 zinatosha kuonyesha mkanganyiko wa ghafla, alipata 9.

Mkanganyiko wa ghafla kwa mzee aliyeunganishwa utumbo si jambo la kusema "ni uzee". Unaweza kuwa dalili ya kwanza, na wakati mwingine ya pekee, kwamba maungio yanavuja: mzee anaweza kuvuja bila homa na bila tumbo kuwa gumu. Tulipima CRP, kipimo cha damu kinachopanda kukiwa na maambukizi au jeraha mwilini, ikawa 171. Tukarudia picha ya CT siku hiyohiyo. Maungio yalikuwa salama. Sehemu ya chini ya pafu la kulia ilikuwa imejikunja, na oksijeni yake ilikuwa chini kuliko tulivyodhani.

Kisha daktari wa wazee akaja, akasimama mlangoni, akatazama kitanda kwa muda. Mpira wa mkojo ulikuwa bado upo, ingawa mpango ulisema utoke siku ya kwanza. Kila zamu ilidhani zamu nyingine itautoa. Miwani haikuwepo. Kifaa cha kusikia hakikuwepo. Vyote vilikuwa ndani ya mkoba aliovulia asubuhi ya upasuaji, na mkoba ulikuwa nyumbani kwa mwanawe. Siku mbili nzima mwanamke huyu alikuwa akiwaona watu wasio na sura wakifungua midomo isiyotoa maneno. Alichosema usiku ule kilikuwa karibu na ukweli kuliko sisi tulivyokuwa.

Mkoba uliletwa ndani ya saa moja. Mpira ukatolewa. Prometazini ikafutwa, morfini ikapunguzwa na parasetamoli kupangwa kwa saa badala ya kungojea aombe. Mtaalamu wa mazoezi alimfanyisha mapafu mara nne kwa siku. Mwanawe wa kike aliruhusiwa kulala kitini pembeni yake. CRP ilishuka hadi 118 siku ya nne, ikaendelea kushuka. Siku ya tano aliniuliza tarehe, kisha akanirekebisha nilipoikosea. Apixaban ilirudishwa siku ya nne badala ya sindano za heparini za kuzuia damu kuganda. Alikwenda nyumbani siku ya kumi, akitembea, na alikwenda chooni mwenyewe kabla ya kuondoka, alihakikisha nimeliandika.

Majibu ya maabara na mwaka uliofuata

Saratani ilikuwa imepenya ukuta wa utumbo, lakini mitoki yote 19 iliyokaguliwa ilikuwa safi. Inatakiwa angalau 12 ili mtu aseme kwa uhakika kwamba mitoki haikuguswa. Kingo zilikuwa safi. Uvimbe ulikuwa umepoteza protini ya MLH1, moja ya zile zinazorekebisha makosa ya vinasaba wakati seli inapogawanyika. Kwa ugonjwa wa hatua ya pili wa aina hii tumaini ni zuri na dawa ya florourasili haiongezi faida, kwa hiyo hakuhitaji tiba ya kemikali. Kipimo kilichofuata kilionyesha kwamba upotevu huo ulitokea ndani ya uvimbe tu, kama ilivyo kwa wanawake wengi wa umri wake, wala hakuzaliwa nao. Habari hiyo niliitoa kwa watoto kwanza, maana walikuwa wamekaa na hofu ya kurithi bila kuniambia.

Baada ya miezi mitatu alikuwa akiishi peke yake tena. Mwanawe wa kike alisema mama amekuwa mzito kidogo kukumbuka majina kwa wiki za mwanzo, kisha akarejea. Baada ya mwaka picha zilikuwa safi. Sitasema mkanganyiko ule haukumwachia kitu. Kwa wazee wengine huacha, na sikuwa na kipimo cha kina cha akili yake kabla ya upasuaji cha kulinganisha nacho. Hilo nalo ni kosa letu.

Uchambuzi: tulichofanya vizuri

Kupima nguvu mara mbili ndiko kulikoamua kila kitu. Tungempima mara moja tu, tungemnyima upasuaji kwa udhaifu ambao dripu mbili na kiti cha jikoni viliweza kuupunguza.

La pili ni mpaka wa muda ulioandikwa mapema. Katika utafiti wa CLASICC wa Uingereza, uliokuwa na wagonjwa 794 na kuchapishwa mwaka 2005, asilimia 29 ya walioanza kwa matundu waliishia kufunguliwa, na hao ndio waliopata matatizo mengi zaidi. Wengi husoma takwimu hiyo kama onyo dhidi ya matundu. Mimi naisoma pia kama onyo dhidi ya kuchelewa. Kufungua kwa sababu utumbo umeshatoboka au damu imeshafumka si sawa na kufungua kwa sababu umeona njia imefungwa na bado mgonjwa yuko imara. Bibi alifunguliwa akiwa salama, na kwa kuwa sehemu ya chini ilikuwa imeshamalizika kwa matundu, mkato ulikuwa mfupi kuliko ule ambao tungeanza nao.

Mwenzangu mmoja hakubaliani nami hapa, na hoja yake ninaiheshimu. Anasema kovu lile lilituambia kila kitu, kwamba tulimlaza karibu saa moja zaidi bila haja, na kwamba mkanganyiko huenda ulianzia hapo. Siwezi kumkanusha kabisa. Naamini mkato mfupi ulimsaidia kupumua pafu lilipojikunja, lakini mgonjwa mmoja hawezi kumaliza ubishi huo.

Uchambuzi: tulikoshindwa

Kosa la kwanza ni la kikao. Nilizungumza juu ya kichwa cha mgonjwa kwa nusu saa na nikaliita tabasamu lake ridhaa. La kunisikitisha zaidi ni kwamba tulijua tangu siku ile kwamba bila kifaa cha kusikia Bibi hayupo nasi. Tulilijua, tukalisimulia kikaoni, na hakuna aliyeliandika kwenye mpango wa wodi. Miligramu za kila dawa zilikuwa zimeandikwa.

La pili ni usiku. Mpango wetu wa kupona haraka ulikuwa mzuri kwenye karatasi, lakini uliandikwa na watu wa mchana na kutekelezwa na watu wa usiku ambao hawakushirikishwa. Daktari wa zamu alifanya alichofundishwa: mgonjwa anasumbua, mpe cha kumlaza. Prometazini, kama dawa nyingine zinazozuia asetilikolini, humzidishia mzee mkanganyiko, na diazepamu na ndugu zake ni hivyohivyo isipokuwa pale mgonjwa anapokuwa katika hali ya kuacha pombe au dawa hizo zenyewe ghafla. Sikumlaumu. Hakuna aliyemwachia maandishi ya kitu kingine cha kufanya.

La tatu ni mpira wa mkojo, na sina cha kuongeza isipokuwa kwamba kazi isiyo na jina la mtu haifanyiki.

Tulichobadilisha ni kidogo, na makusudi tulitaka kiwe kidogo. Mfuko wenye miwani, meno ya bandia na kifaa cha kusikia sasa huingia thieta pamoja na mgonjwa, umefungwa kwenye kitanda, na muuguzi wa chumba cha kuzindukia humvisha kabla hajamuuliza jina lake. Tunaweka betri za akiba kwenye droo ya wodi. Mwenye zamu ya asubuhi ya kwanza huandika jina lake pembeni ya maneno "mpira umetolewa". Na kwa kila aliyepita miaka 75 kuna karatasi moja kitandani kwa ajili ya daktari wa usiku: kabla ya dawa yoyote ya kumtuliza, tazama oksijeni, maumivu, mkojo, choo na masikio, na kama bado hujapata sababu, mpigie simu aliyepasua, hata kama ni saa tisa.

Mimi nimepigiwa mara nne tangu hapo. Mara moja maungio yalikuwa yanavuja kweli, na tulirudi thieta kabla hakujapambazuka.